Kidevu cha Pili na Koo Lililo Nyuma Yake



Naandika kutoka Minnesota, jimbo la maziwa elfu kumi na baridi isiyo na haya. Leo naomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kwenye sherehe zetu huzungumzwa jikoni kwa kunong'ona na sebuleni kwa utani: ile nyama inayojaa chini ya taya mtu anapovuka miaka arobaini, ambayo wengi wetu huiita kidevu cha pili. Wenyeji wa hapa wana njia nyingi za kuiondoa, na kila njia imeshapata wateja miongoni mwetu. Mwaka huu peke yake watu watatu wameniuliza kama najua "pa kwenda". Nadhani huniuliza mimi kwa sababu wanajua ni mhandisi na napenda kupekua mambo hadi mwisho. Na pia, nisifiche, kidevu changu cha pili kinaonekana tangu mlangoni.

Zamani habari hizi zilikuwa za waigizaji wa sinema. Siku hizi zimetufikia. Hapa kwenye miji yetu miwili, Minneapolis na Saint Paul, kliniki za ngozi na urembo ziko karibu na maduka tunakonunua viatu vya watoto. Nyumbani nako mambo yamebadilika. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kutoa upasuaji wa urembo, ukiwamo wa kupunguza mafuta mwilini. Nairobi kliniki za aina hiyo ni nyingi, na mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki dunia baada ya upasuaji wa kunyonya mafuta katika mojawapo. Baraza linalosimamia madaktari nchini Kenya likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Kwa hiyo tunaweza kutaniana, lakini tukumbuke kwamba kuna watu wamepoteza maisha.

Mimi kidevu hiki nilianza kukitazama vizuri mwaka 2020, corona ilipotufungia majumbani na mikutano yote ya kazi ikahamia kwenye Zoom. Kabla ya hapo nilijiona kwenye kioo cha bafuni tu, tena asubuhi, uso umeinuliwa kwa ajili ya wembe. Na mwanamume akiinua uso kunyoa, kidevu cha pili hujificha. Kamera ya kompyuta haina adabu hiyo. Inakutazama kutoka chini, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima, na inaona yote. Kutwa nzima nilikuwa namwona mzee mmoja mnene akieleza mahesabu ya nguzo kwa vijana wenye shingo za twiga, na haikuwa rahisi kuzoea kwamba mzee yule ni mimi. Mtu wa miaka hamsini na kitu anayefanya kazi na vijana wa thelathini hujiuliza kama wanamsikiliza au wanamhesabia siku za kustaafu. Sioni haya kusema kwamba niliwaza kukiondoa.

Huko nyumbani wangeshangaa. Mwaka 2022 nilikwenda Tanga kusalimia, na shangazi yangu, ambaye sasa haoni vizuri, alinishika kidevu kwa vidole viwili kama mtu anayepima embe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umenawiri! Kidevu cha baba yako hiki hiki, hakijapungua hata kidogo."

Nikamwambia kwamba huko ninakoishi watu hulipa pesa nyingi kukiondoa kitu kama hiki.

"Walipe pesa ili wafanane na mgonjwa?" akasema. "Basi pesa zimewazidi."

Marehemu baba alikuwa stesheni masta kwenye reli ya Tanga, na kwa miaka mingi kituo chake kilikuwa Korogwe. Kidevu chake kilikaa juu ya kola ya shati jeupe kama mto juu ya kitanda kilichotandikwa, na watu walikiheshimu. Enzi zile kukonda kulikuwa dalili ya dhiki au maradhi. Mwenye shingo nene alikuwa ameshiba, na aliyeshiba alidhaniwa kuwa na busara hata kabla hajafungua mdomo. Wala si sisi peke yetu tunaowaza hivyo. Majirani zetu Waliberia, ambao ni wengi kule Brooklyn Park, wanavijua vinyago vya Sande, chama cha akina mama cha Liberia na Sierra Leone: huchongwa vikiwa na mikunjo ya shingo, pete juu ya pete, na mikunjo ile ni alama ya afya na uzuri. Kidevu kile kile kinasifiwa Tanga na kusutwa kwenye Zoom, na mwenye nacho anapaswa kuishi na hukumu zote mbili.

Nilipoamua kwenda kuuliza kwa wataalamu, nilikwenda na tabia ya kazi yangu. Mimi ni mtu wa madaraja. Nilisomea uhandisi hapa hapa Chuo Kikuu cha Minnesota, nilikofika mwaka 1992. Wakazi wa siku nyingi mnakumbuka jioni ya tarehe 1 Agosti 2007, daraja la barabara ya I-35W lilipoanguka kwenye mto Mississippi wakati watu wakirudi kutoka makazini. Watu 13 walikufa na 145 wakajeruhiwa. Wachunguzi wa serikali kuu walitoa ripoti yao mwaka 2008. Mabamba ya chuma yaliyoshika maungio ya daraja yalikuwa na unene wa nusu inchi, yaani nusu ya unene uliotakiwa, na siku ile kulikuwa na malundo ya kokoto na mchanga wa matengenezo juu ya daraja. Kwa miaka 40 daraja lile lilipakwa rangi, likakaguliwa, likabeba watu. Kasoro ilikuwa ndani ya mchoro tangu mwanzo. Tangu wakati huo mtu akiniambia kitu fulani kipunguzwe au kiongezwe, namwomba kwanza anionyeshe mchoro.

Basi mchoro wa chini ya kidevu uko hivi. Juu kabisa ni ngozi. Chini ya ngozi kuna tabaka la mafuta. Chini ya mafuta hayo kuna msuli mpana na mwembamba kama shuka, unaotoka kifuani hadi kwenye taya. Madaktari huuita platisma. Chini ya msuli huo kuna mafuta mengine, kuna tezi za mate, na nyuma zaidi kuna ulimi na koo. Vyote hivyo vimening'inia kwenye mfupa wa taya, kama vile sakafu ya daraja inavyoshikwa na vyuma vyake.

Mtu akiujua mchoro huo ataelewa kwa nini videvu vya pili vinavyofanana kwa macho vyaweza kuwa vitu tofauti kabisa. Mmoja ana mafuta ya juu. Wa pili mafuta yake si mengi, ila ngozi na msuli vimelegea kwa umri au kwa kukonda haraka. Wa tatu ni mwembamba tangu ujana, lakini taya lake ni fupi, limerudi nyuma, na kidevu cha pili amezaliwa nacho. Wa nne ana rovu, yaani uvimbe wa tezi ya thairoidi, na huyo anahitaji vipimo vya damu kabla ya jambo lingine lolote. Kilichomfaa jirani yako chaweza kukuharibia wewe.

Sasa njia zenyewe. Nitazieleza nne kwa ufupi, kama nilivyoelezwa na kama nilivyosoma.

Ya kwanza ni kunyonya mafuta kwa mrija. Utaalamu huu ulikua Italia na Ufaransa miaka ya 1970, mikononi mwa madaktari kama Giorgio Fischer na Yves-Gérard Illouz. Kwa sehemu ndogo kama kidevu, daktari hutia ganzi, hutoboa tundu dogo chini ya kidevu na pengine nyuma ya masikio, kisha hupitisha mrija mwembamba na kuyavuta mafuta. Kwa kawaida mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo na kuvaa kitambaa cha kubana taya kwa siku kadhaa. Seli za mafuta zilizotolewa hazirudi, ingawa zilizobaki hunenepa mwenyewe akinenepa. Sharti lake ni ngozi yenye uwezo wa kujikaza. Ngozi iliyochoka ikiondolewa mafuta huning'inia kama gunia lililomwagwa mchele.

Ya pili ni sindano. Mwezi Aprili 2015 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha dawa iliyouzwa kwa jina la Kybella kwa ajili ya mafuta ya chini ya kidevu. Dawa hiyo ni asidi ya deoksikoliki, ambayo kwa asili ni sehemu ya nyongo. Kazi yake tumboni ni kuyavunja mafuta ya chakula. Nilipomsimulia mke wangu alicheka, akasema hii ni mara ya kwanza kusikia jambo limetumbukia nyongo na watu wakafurahi. Kwa kikao kimoja mtu aweza kuchomwa sindano hadi 50 ndogo ndogo, na vikao vyaweza kufika sita, kila kimoja kikipishana na kingine kwa mwezi au zaidi. Uvimbe na maumivu ya siku kadhaa ni jambo la kawaida. Katika majaribio ya dawa hiyo, watu wapatao 4 kati ya 100 waliguswa mshipa wa fahamu unaopita kwenye taya, tabasamu likaenda upande. Wote walipona, lakini kwa baadhi yao ilikuwa baada ya miezi.

Ya tatu ni baridi. Sisi wa Minnesota tuna haki ya kucheka: kuna watu wanalipa ili wapigwe baridi! Asili yake ni barafu za watoto. Mwaka 1970 madaktari waliandika juu ya mtoto aliyenyonya barafu ya kijiti hadi mashavu yakawa magumu, kwa kuwa mafuta hayaivumilii baridi kama ngozi inavyoivumilia. Miaka mingi baadaye Dieter Manstein na Rox Anderson wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, walikifanya kisa kile kuwa tiba: mashine huivuta ile nyama na kuipoza kwa kipimo, na seli za mafuta hufa polepole kwa wiki kadhaa. Kwa sehemu ya chini ya kidevu iliruhusiwa mwaka 2015. Hatari yake ni nadra, ila ni ya ajabu. Kwa watu wachache mafuta, badala ya kupungua, huongezeka na kuwa magumu. Mwanamitindo Linda Evangelista alieleza hadharani mwaka 2021 kwamba ndivyo ilivyomtokea.

Ya nne ni upasuaji wa kukaza shingo. Huu ndio mkubwa. Daktari hupasua chini ya kidevu na nyuma ya masikio, hushona kingo za ule msuli wa platisma zikutane, huondoa mafuta yakiwapo, na hukata ngozi iliyozidi. Huwafaa wale wa ngozi iliyolegea, na mtu ajiandae kukaa nyumbani wiki mbili hivi.

Zote nne huhesabiwa kuwa urembo, kwa hiyo bima za hapa kwa kawaida hazilipi. Utatoa mfukoni, na bei hufika maelfu ya dola. Hapo ndipo watu wetu hushawishika kutafuta njia ya mkato. Nimesikia habari za sindano zinazochomwa sebuleni kwa mtu, dawa imeagizwa kwa njia ya mtandao, chupa ina maandishi asiyoyajua hata mchomaji. Mwezi Desemba 2023 FDA ilitoa onyo juu ya sindano za kuyeyusha mafuta zisizoidhinishwa, baada ya kupokea taarifa za watu waliopata makovu ya kudumu, maambukizi na vinundu. Ndugu zangu, dawa ile huvunja ukuta wa seli yoyote inayoigusa. Haijui mafuta ni yapi na mshipa ni upi; anayejua ni mkono wa daktari.

Na sisi wenye ngozi nyeusi tuna la ziada. Makovu yanayovimba na kupita mipaka ya kidonda, yale ya keloidi, hututokea sisi zaidi kuliko Wazungu, na taya na shingo ni baadhi ya mahali yanapopenda. Kama tundu la hereni lilikuachia uvimbe, au chanjo ya begani ilikuachia kovu nene, mwambie daktari kabla hajashika kisu. Muulize pia amewahudumia watu wangapi wa rangi yako, na akuonyeshe picha zao. Mjue vilevile kwamba hapa Marekani sheria haimzuii daktari mwenye leseni kufanya upasuaji wa urembo hata kama si huo aliobobea. Kwa hiyo uliza kama amethibitishwa na bodi ya taifa ya upasuaji wa plastiki. Cheti cha ukutani peke yake hakitoshi.

Nikiwa na maarifa yote hayo kwapani nilikwenda kumwona daktari, mama wa makamo, mpole, mwenye maneno machache. Nilitarajia aanze na bei. Yeye alitoa utepe wa kupimia nguo, akanizungushia shingoni. Inchi 17 na nusu, yaani sentimita 44. Akaniuliza shati nililonunua nilipofika Marekani lilikuwa na kola namba ngapi. Nakumbuka vizuri, kwa sababu hapa mashati ya kazi huuzwa kwa namba ya shingo: ilikuwa 15 na nusu. Akaandika. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea kwenye kliniki ya urembo.

"Nani analala karibu nawe?"

Nikasema mke wangu, na kwamba yuko pale nje anasubiri. Akaomba aingie. Mama Zawadi akaingia, akakaa, akasikiliza swali, akajibu kama mtu aliyengoja miaka mingi kuulizwa.

"Daktari, huyu hukoroma. Kukoroma nimeshazoea. Kinachoniamsha ni pale anaponyamaza. Hunyamaza kabisa, kifua kinapanda lakini hewa haipiti. Basi mimi huhesabu. Moja, mbili, tatu. Nikifika ishirini namsukuma."

Daktari aliweka utepe mezani. Alisema kidevu tutakizungumza siku nyingine, kwanza nikapimwe usingizi. Nikapewa kifaa cha kwenda nacho nyumbani: mrija mdogo puani, mkanda kifuani, kibanio kwenye kidole. Nililala nacho usiku mmoja. Majibu yalipotoka yalisema kwamba pumzi yangu ilikatika au kupungua mara 34 kwa kila saa. Chini ya mara 5 ni kawaida. Kuanzia 30 huitwa hali kali.

Naomba hapa niwarudishe Korogwe. Nyumba za reli zilikuwa na kuta nyembamba, na baba alikoroma hata sisi watoto tukawa tunasema treni ya mizigo imechelewa kuondoka. Tulicheka. Mama hakuwa akicheka sana. Alikuwa na mazoea ya kumgusa begani usiku, nasi tulidhani ni mapenzi tu. Mwaka 1988, mwezi mmoja baada ya kutimiza miaka 57, baba alilala na hakuamka. Watu walisema amekufa kifo cha heshima, bila kusumbua mtu. Siwezi kusema alikufa kwa jambo hili, maana hakupimwa, na moyo una sababu nyingi za kusimama. Ninachojua ni kwamba nimerithi kidevu chake, na mwaka huu nimetimiza miaka 56.

Jambo lenyewe hutokea hivi. Mtu akilala, misuli ya koo hulegea. Kama koo limebanwa na mafuta, au taya limerudi nyuma, ulimi huanguka na kuziba njia ya hewa. Sekunde kumi, ishirini, hata zaidi. Hewa safi hupungua kwenye damu, ubongo hushtuka na kumwamsha mtu nusu nusu, anavuta pumzi kwa kishindo, kisha mzunguko unaanza upya. Asubuhi hakumbuki kitu, ila amechoka kama aliyebeba zege. Mambo haya yakiendelea kwa miaka huenda pamoja na shinikizo la damu, kiharusi na moyo kupiga ovyo. Na wengi wetu huku tunafanya kazi zamu mbili kwenye nyumba za wazee, au tunaendesha malori na teksi. Mtu akisinzia kwenye usukani tunasema amechoka na kazi. Pengine usiku hakulala, ingawa alikuwa kitandani saa nane.

Hapa ndipo mchoro ulipoonyesha umuhimu wake. Sindano na baridi hufika kwenye mafuta ya juu ya ule msuli, na mrija nao kwa kawaida huishia hapo hapo. Mafuta yanayobana pumzi yako chini zaidi, kwenye kuta za koo na ndani ya ulimi wenyewe. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba watu wenye tatizo hili wakipungua uzito, kupungua kwa mafuta ya ulimini ni sababu kubwa ya wao kupata nafuu. Mimi ningelipa pesa zangu na kutoka kliniki nikiwa na taya la kijana na koo la marehemu baba.

Tiba zipo, na bima hugharimia. Ya kwanza ni mashine inayosukuma hewa kupitia kinyago cha puani ili koo lisijifunge. Ilibuniwa na daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, na kutangazwa mwaka 1981. Mashine za mwanzo zilitumia mota ya kifyonza vumbi, jambo ambalo mhandisi yeyote atalipenda. Kwa wasioiweza mashine kuna kifaa kidogo kinachopandikizwa mwilini na kuuamsha mshipa wa ulimi usianguke. Kampuni yake, Inspire, iko jirani zetu hapa Golden Valley, na kifaa kiliidhinishwa mwaka 2014. Kukiweka, daktari hupasua kidogo chini ya taya, mahali pale pale wengine wanapopasuliwa kwa urembo. Na mwezi Desemba 2024 FDA iliidhinisha dawa ya kupunguza uzito ya Zepbound kwa watu wazima wanene wenye tatizo hili la usingizi katika hali ya kati au kali. Kila moja ina masharti yake, na daktari ndiye wa kuchagua pamoja nawe.

Mimi nilianza na mashine. Wiki ya kwanza nilionekana kama rubani wa ndege ya kivita, na wajukuu wa jirani wakiniona wangekimbia. Wiki ya tatu niliota ndoto. Nilikuwa nimesahau kwamba watu huota. Sasa ni miezi saba. Uzito umepungua kilo nane, kola imerudi 17, na Mama Zawadi ameacha kuhesabu usiku. Anasema alichelewa kuzoea kimya chenye pumzi ndani yake.

Kidevu bado kipo. Daktari amesema uzito ukitulia mwaka mzima nirudi, tutazame kilichobaki ni mafuta au ni ngozi, ndipo tuzungumze mrija au mkasi. Suala hilo sijalifuta. Sikubaliani na wanaosema kwamba mtu mzima hana haki ya kujali sura yake. Wazee wetu walipaka wanja, wakatia hina nywele za mvi, wakachonga meno. Anayetaka kukiondoa kidevu cha pili na ana uwezo, akaenda kwa mtaalamu, simwoni kuwa amemkana baba yake. Namwomba tu aanze na maswali kabla ya kuulizia bei. Hiki nilicho nacho ni mafuta, ni ngozi, ni mfupa au ni uvimbe? Nikilala, napumua? Anayenishika shingo amesomea shingo?

Swali la katikati huwezi kulijibu mwenyewe, maana wakati huo umelala. Muulize anayelala karibu nawe, na ukiwa unalala peke yako weka simu irekodi usiku mmoja. Chukua utepe wa fundi cherehani. Kwa mwanamume, shingo ikivuka inchi 17, na kwa mwanamke 16, kamwambie daktari wako wa kawaida.

Mwezi uliopita nilimpigia simu mdogo wangu, aliyebaki Tanga, mwenye kidevu kama changu na cha baba. Nilimwuliza kama anakoroma, akacheka, akasema nani asiyekoroma, kaka. Nikamwomba ampe simu shemeji yangu. Nikamwuliza yeye, tena polepole, kama mumewe hunyamaza usiku. Simu ilikaa kimya kidogo.

"Shemeji," akasema, "umejuaje? Mimi namgusaga begani."

Jumatatu ijayo anampeleka Dar es Salaam kwa daktari. Nimewatumia nauli.

Nawatakia usingizi mwema, nyote na walio karibu nanyi.